Jumamosi ya Kukaa Nyumbani

Kirsten Tveit, wa idara ya michezo ya chuo cha mji, alisimama mbele ya watu wa Brandvold, kipaza sauti mkononi, akawaambia neno ambalo halijawahi kusemwa ndani ya ukumbi ule wa wakulima. Jumamosi msije.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Babake, mzee Gunnar, aliyekuwa nyuma anakoroga sufuria la maharage ya nyama na pilipili, hakucheka. Alimjua bintiye. Kirsten akianza kujishika shingo kwa mkono mmoja, ujue mzaha umekwisha.

"Nisikilizeni basi! Ligi yetu imevunjika. Timu kubwa zote zimehama, zimefuata hela za televisheni. Kwenye ligi zilikohamia kimebaki kiti cha timu moja tu, na kiti hicho tunagombea sisi na Port Ansel."

"Port Ansel?" Lyle Swenby aliruka kwenye kiti chake kama aliyekalia kaa la moto. Lyle ni mfugaji, jirani yao, mdomo wake haujui likizo. "Wale wale tunaowapiga kila mwaka mpaka wanasahau basi lao liko wapi?"

"Ndio hao. Wana nyumba milioni mbili zenye televisheni, Lyle. Wewe una nini?"

"Nina ng'ombe."

"Ng'ombe hawatazami futiboli."

"Wa kwangu wanatazama, tena wanaielewa kuliko kocha wetu!"

Kirsten alingoja wamalize kucheka. Kisha akawaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Korongo, timu ya chuo chao, ikicheza nyumbani, mji mzima uko uwanjani. Ikicheza ugenini, mji mzima uko hapa ukumbini, skrini moja, bakuli mkononi, kama alivyowazoesha marehemu Marit, mkewe Gunnar. Mtu akitazama mpira peke yake kwake, Brandvold watu humuuliza kama anaumwa. Sasa wale wanaohesabu watazamaji hawahesabu viti vya uwanja wala mabakuli ya maharage. Wanahesabu sebule. Na sebule za Brandvold, Jumamosi, ni giza tupu.

"Kwenye hesabu zao," Kirsten alisema, "mji huu haupendi mpira."

"Toba!" Doreen Pfaff, mwalimu mstaafu, alishika kifua. "Yaani tunaadhibiwa kwa kuipenda timu kupita kiasi?"

"Ndiyo hivyo, mwalimu. Jumamosi tunacheza ugenini, na wenye ligi wataangalia hesabu ya siku hiyo. Nawaomba, kila mtu kwake. Kila mtu awashe. Nipeni Jumamosi hii moja tu."

Walinung'unika, wakabishana, mwisho wakanyoosha mikono. Wakakubali.

Walipobaki wawili wakiosha masufuria, Kirsten alimwambia babake bila kumtazama, "Baba, kiti kikienda Port Ansel, idara yetu inafungwa. Kule wameshanipigia simu, wananipa kazi. Kiti kikienda, na mimi naenda."

Gunnar aliendelea kusugua sufuria lililokwisha kung'aa. Huyu ndiye mtoto wake pekee. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, na taa ya jikoni kwake ndiyo kitu cha kwanza Gunnar anachokiona kila asubuhi tangu Marit afariki. "Haitafika huko," alisema. Hakuamini alichokisema.

Kwa maana Gunnar alikuwa na jambo lake. Miaka miwili nyuma, kijana wa kampuni ya kuhesabu watazamaji alibisha hodi, akamwekea kisanduku kidogo kando ya televisheni. Akiwasha mpira, abonyeze kitufe chake. Akija mgeni, ambonyezee na mgeni. Nyumba hii, kijana alisema, inasimama badala ya maelfu ya nyumba nyingine, kwa hiyo mzee, tafadhali, usimwambie mtu yeyote, hata wa damu yako. Gunnar aliweka saini. Ahadi ni deni, na yeye si mtu wa kukopa.

Lakini ole wake! Jumamosi zote hizo alikuwa ukumbini akigawa maharage, na kisanduku kilikuwa nyumbani kinatangaza kwa niaba ya maelfu kwamba hapa hakuna mtu.

Jumamosi ilipofika aliketi mapema, akawasha, akabonyeza kitufe chake. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Hata hajajiegemeza vizuri, mlango ukagongwa. Lyle.

"Nimejiambia, huyu mzee atakaaje peke yake leo? Marit angefufuka anichape." Alikuwa ameshavua viatu, ameshaweka chupa mezani.

Gunnar alifungua mdomo kumwambia arudi kwake. Neno halikutoka. "Televisheni yako umeiacha inawaka?"

"Niiache inakula umeme na nyumba haina mtu? Sikulelewa hivyo."

Akaja Doreen na sinia la viazi vya kuoka na jibini, mkono mtupu haulambwi. Na yeye alikuwa amezima. Wakaja wa nyumba ya kona, wakaja wa kanisani na viti vyao vya kukunja, kila mmoja akiapa kwamba amepita tu kumjulia hali mzee. Wote walikuwa wamezima. Watu wa Brandvold wako tayari kugeuza gari katikati ya safari kwa sababu ya balbu moja ya stoo iliyoachwa inawaka. Gunnar alibonyeza mgeni, akabonyeza mgeni, mpaka kisanduku kikakataa. Nacho kina mwisho wake.

Na sebule ilikuwa imechangamka! Watu wamekalia mikono ya makochi, wamekalia ngazi, Lyle anamtukana refa wa upande wa pili wa nchi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Gunnar alijikuta anacheka kwa sauti, akashtuka mwenyewe kuisikia.

Wakati wa mapumziko Kirsten aliingia. Alikuwa ameona magari. Alisimama mlangoni, koti hajalivua.

"Nani amebaki nyumbani kwake?"

Watu wakaanza kutazama soksi zao.

"Sawa. Sawa." Alijishika shingo. "Wanahesabu kwa visanduku tu, vipo vichache sana, na hatujui viko kwa nani. Kama wenye visanduku wamebaki kwao, hakijaharibika kitu. Au yupo hapa mwenye kisanduku?"

Gunnar aliinamisha kichwa. Alipokiinua kidogo akamwona Doreen anachunguza zulia kana kwamba kuna kitu kimemwanguka. Akamwona Lyle, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, macho darini. Gunnar akaelewa kwamba na wao wanavyo.

Kirsten naye alikuwa ameiona ile taa ya kijani. "Baba?"

"Hicho siwezi kukizungumzia."

"Mwalimu Doreen?"

"Mimi niliweka saini, mwanangu."

"Lyle!"

Lyle aliomba apitishiwe chumvi.

Kirsten alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango, halafu kicheko kikageuka, na wote wakaona kimegeuka kuwa nini. Doreen akafunika sinia lake. Lyle akaanza kutafuta viatu. "Bado nusu ya pili," alisema kwa upole ambao si wake. "Tukikimbia tunawahi."

Chumba kizima kikaanza kuinuka. Na hapo ndipo Gunnar, aliyekuwa amekaa kama mgeni kwake, aliposema, "Kaeni."

Wakamgeukia.

"Kaeni. Mpira unaanza."

Kirsten akavua koti, akaketi sakafuni karibu na miguu ya babake mpaka mwisho. Korongo walishinda, tena vizuri.

Januari kiti kilikwenda Port Ansel. Huenda vile visanduku viwili, cha Lyle na cha Doreen, visingebadili chochote. Watu walimwambia Gunnar hivyo dukani na kanisani, na kila aliyemwambia alimwongezea donge.

Siku ya kufunga mizigo, Kirsten alikuwa anazungushia sahani za mamake magazeti, mara akaiacha moja. "Kwa nini uliwaambia wakae?"

"Tangu tumzike mama yako," Gunnar alisema, "hakuna aliyevua viatu mlangoni pangu. Wanakuja, wanasimama nje, wananipa pole, wanaondoka. Siku ile walivua. Sikuweza kuwafukuza, mwanangu. Najua ulikitaka kile kiti."

"Kiti?" Sauti ilimpasuka. "Mimi nilitaka kukaa na wewe, Baba! Kiti cha nini?"

Gunnar alichukua gazeti, akaanza kufunga sahani, akaifunga upande upande mpaka Kirsten akampokonya akafunga mwenyewe.

Vuli iliyofuata Korongo waliangukia ligi ndogo, mechi zao zikirushwa mchana wa siku za kazi. Ukumbi haukufunguliwa, kwani wenye kazi walikuwa kazini. Gunnar aliketi peke yake, akawasha. Simu ikalia.

"Umewasha?" Kirsten aliuliza kutoka Port Ansel.

"Nimewasha. Na wewe?"

"Nimetoroka kazini ili niwatazame. Ila hapa, Baba, hata nikiwatazama Korongo, nahesabiwa mtu wa Port Ansel."

Gunnar aliiweka simu juu ya kochi, pale Kirsten alipokuwa akipenda kukaa, sauti yake imefunguliwa. Akainama kwenye kisanduku, akabonyeza kitufe chake. Kisha mtu huyu ambaye hajawahi kudanganya hata mzani wa ngano akabonyeza na cha mgeni. Mmoja.

"Baba, upo?"

"Tupo," alisema. "Kaa vizuri, wanaanza."