Tunaenda Kuliona Daraja

Wateja walimwita Mama Kesho, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea kitambaa leo, gauni lako ni kesho. Ukija kesho, ni kesho. Na ukija umekunja uso, atakukalisha kwenye kiti, akupe maji ya kunywa, akusifie viatu, mpaka uondoke umesahau kilichokuleta. Lakini akishona, ameshona. Gauni lake halikubani pumzi wala halikuvuti makwapani, ndiyo maana watu walikuwa wakimlalamikia huku wameshika kitambaa kingine mkononi.

Sasa mtu huyuhuyu, ambaye hakuwahi kutoa kazi siku aliyoahidi, alishona makoti mawili ya safari yakaisha kabla hata hayajahitajika. Mtaa ulishika mdomo. Na chanzo chake ni mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda. Mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akiwa anatazama chuma. Jioni moja alirudi na pikipiki yake kutoka karakana, akanawa mikono, akaketi mezani, na kabla hajagusa chakula akasema, "Mwezi ujao tunaenda kuliona daraja."

Daraja lenyewe lilikuwa na hadithi yake. Akiwa kijana, hata hawajaoana, alichomelea vyuma vya pembeni vya daraja kubwa lililokuwa likijengwa mbali, mwendo wa siku mbili. Vyuma vikapakiwa kwenye lori, lori likaondoka, yeye akabaki getini amevua miwani ya kuchomelea. Tangu hapo daraja alilisikia redioni tu, na mwaka mmoja akaliona kwenye kalenda. Ile kalenda ilikuwa bado inaning'inia chumbani, tarehe zake zimeshapita zamani. Mtu akiuliza kwa nini haitolewi, alijibu kwamba pale mkono wa kushoto, ukitazama vizuri, kuna kazi yake.

"Kwa pikipiki?" mke akauliza.

"Kwa kitu gani kingine? Tumekaa sana hapa. Tumeota kutu."

Mama Kesho alijifanya anatafuta chumvi. Hakutaka aonekane alivyojawa na tabasamu. Tumeota kutu! Ni kama mtu aliyeingia moyoni mwake akasoma. Miaka yote alikuwa anashonea watu nguo za safari: sare za watoto wa bweni, suti za wanaokwenda kuoa, magauni ya wanaopanda ndege. Yeye mwenyewe safari yake ilikuwa kwa muuza vitambaa na kurudi. Hakuna kitu alichokitamani kama siku moja kufunga chumba cha kushonea, kuweka ufunguo mfukoni, na kuwa yeye ndiye anayepungiwa mkono. Na leo mume, bila kuombwa, amesema tunaenda.

Jumapili wakatandaza ramani juu ya meza ya kukatia. Mume alileta ramani, mke akaleta futi ya kamba, chaki na kopo la vifungo. Kila mahali pa kusimama aliweka kifungo, na alichagua vifungo vizuri, vile vya makoti ya maharusi, maana hii haikuwa safari ya vifungo vya shati.

"Hapa tutakunywa," mume akasema, kidole kwenye mji wa kwanza.

Kifungo.

"Hapa kuna mlima. Tutapanda taratibu, tusije tukachemka."

Kifungo.

"Tukifika juu tutasimama kivulini. Tupoe kabisa ndiyo tuteremke."

Mama Kesho akamtazama kwa pembeni. Mwanamume huyu, ambaye akila hajui kama chakula kina chumvi au hakina, leo anawaza kivuli! Akajisemea kwamba kumbe umri unalainisha watu, ni kuvumilia tu.

"Na kulala?"

"Hapa. Kuna nyumba ya wageni, uani pamezungushiwa ukuta, geti linafungwa."

"Vitanda vyake vizuri?"

"Vitanda sijui," akasema mume. "Uani ndiyo muhimu."

Mama Kesho akacheka mpaka kopo la vifungo likamwagika, na wote wawili wakapiga magoti kuokota chini ya meza, wakigongana vichwa. Alikuwa hajacheka vile siku nyingi. Kisha wakabishana njia ya kurudi, mume akitaka tambarare, mke akitaka tena mlimani, nchi ionekane kwa chini. Mume akasema sawa, mlimani basi. Hata kugombana hawakugombana.

Aliyeusambaza mpango huo ni wifi yake, dada wa mume, mwenye saluni ukuta wa pili. Aliingia kuulizia gauni lake la tangu kesho nyingi zilizopita, akamkuta Mama Kesho anajipima suruali mbele ya kioo.

"Wifi! Suruali?"

"Ya pikipiki. Tunasafiri mimi na kaka yako."

Wifi akakaa chini kabisa, juu ya rundo la vitambaa. "Wewe? Juu ya pikipiki? Na mzigo huo wa nyuma, tairi limekubali?"

"Tairi halijalalamika. Kaka yako ndiye aliyenikaribisha."

"Kaka yangu? Yule ambaye hata karibu ya chakula anaisemea puani?"

Kama vile ameitwa, mume akapita nje dirishani akiongea na simu kwa sauti kubwa, kama anavyoongea mtu aliyezoea kelele za grenda ya kukatia vyuma. "Ndiyo, mwezi ujao! Mimi na mwenzangu tumeshapanga kila kitu!"

Wifi akamfinya Mama Kesho kiunoni. "Mwenzangu! Haya bibi harusi, mimi nakaa kimya." Na hakukaa kimya. Kufikia jioni mpaka muuza mkaa alikuwa anauliza wanaondoka lini.

Makoti yalikuwa ya turubai la kijani, ndani yana kitambaa laini, mifuko yenye vifuniko, kola ya kufunika shingo. La mume pana mabegani. Lake lina kiuno, maana kusafiri si sababu ya mtu kuonekana gunia. Alipomaliza kifungo cha mwisho alishindwa kungoja jioni. Akafunga chumba, akayakunja makoti mkononi, akaenda nayo karakana wakayajaribie palepale kwenye pikipiki.

Alimkuta mume amesimama nyuma ya pikipiki na brashi ya rangi, uso unang'aa.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Hebu tuone! Hatujapendeza?"

Pikipiki ilikuwa imepakwa upya, rangi ya buluu. Na pale nyuma, mahali pa kiti cha abiria, kiti hakikuwepo. Palikuwa na keria. Keria kubwa, nzuri, kazi ya mikono inayojua inachofanya, ina maua ya chuma pembeni kama yale anayowekea mageti ya watu wenye pesa. Hapo pangekaa begi, hema, dumu la mafuta. Hapangekaa mtu.

Mama Kesho akaitazama sana ile keria.

"Na mimi nakaa wapi?" akauliza.

"Wapi, kivipi?"

"Ulisema tunaenda."

"Ndiyo, tunaenda."

"Nani na nani?"

Mume akafungua mdomo. Mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaenda ukapiga tangi la pikipiki, taratibu, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Kisha akauona mkono wake ulipo. Akaona makoti.

"Na hili koti la pili," mke akasema, "ulidhani la nani?"

"Nilidhani... moja la jua, moja la mvua."

"La mvua? Lina kiuno?"

Hakungoja jibu. Akayatupa makoti yote mawili juu ya keria, rangi ingali mbichi, akageuka akaondoka.

Njiani kila neno lilimrudia upya. Tutakunywa: petroli. Tusije tukachemka: injini. Tupoe kabisa. Uani ndiyo muhimu! Na si safari hii tu. Ni mara ngapi mume amerudi nyumbani akasema leo tumechoka, naye akadhani anahurumiwa yeye na cherehani yake, akainuka kwa furaha kumchemshia maji ya kuoga? Kumbe wote hao walikuwa ni yeye na chuma. Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema: iliuma kama sindano inapoingia chini ya ukucha, na fundi cherehani anajua hilo ni jambo gani. Alipofika alishona gauni la wifi kwa hasira, likaisha siku hiyohiyo.

Jioni mume akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Alikuwa na makoti mkononi. La pili lilikuwa na doa la buluu mgongoni, naye alikuwa amelisugua kwa petroli mpaka doa likawa kubwa zaidi.

"Mama," akasema.

"Usiniite mama. Mwite mwenzako."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mama Kesho hakumpa maji.

"Wewe ndiye uliyekataa," mume akasema hatimaye.

"Mimi? Nilikataa lini?"

"Ile siku ya pikipiki ya kuazima. Tumeoana hata mwaka haujaisha. Nilikupakia kutoka nyumbani, ukapiga kelele mpaka posta. Watu walitoka nje wakidhani nimeiba mwanamke! Ukashuka, ukaniambia mbele ya watu wote, mimi na pikipiki basi, mpaka kiama. Nikajua kiama hakijafika. Sikuuliza tena."

Mama Kesho aliacha mkasi. Siku ile aliikumbuka vizuri, upepo ulivyoingia ndani ya nguo, nyumba zilivyokuwa zinakimbia kinyumenyume, na sauti iliyomtoka bila ruhusa. Halafu akashuka, akaona macho ya watu, aibu ikamshika, akasema lililokuja mdomoni.

"Nilisema vile kwa aibu," akasema polepole. "Kupiga kelele si kukataa."

"Ni nini sasa?"

"Sijui! Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nafurahi. Vyote. Nilikungoja uniulize tena siku nyingine, ukanyamaza. Nikaona basi, mume wangu hapendi kelele."

Mume akalipapasa lile doa kwa kidole. "Mimi nilipenda," akasema. "Nilidhani wewe ndiye hupendi." Akaongeza, "Ukipanda chombo peke yako miaka mingi, unaanza kuongea nacho. Unajiita sisi. Sikuwa na maana ya kukuficha. Nilikuwa nimeshazoea kwamba huji."

"Nakuja," akasema Mama Kesho.

Alilisema kama anavyomtajia mteja bei, lisilo na mjadala. Mume akainua uso. Ndevu zake zilikuwa na vumbi la chuma, na macho yamelowa, na alikuwa anacheka.

Asubuhi mtaa uliamka kwa sauti ya grenda. Ile keria, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, mume aliikata katikati. Maua mawili yakabaki kwa nyuma, ya kushikia begi dogo. Kiti cha abiria kikarudi mahali pake, na juu yake Mama Kesho akaongeza godoro dogo alilolishonea turubai, kwa sababu, alisema, ile nyumba ya wageni hata vitanda vyake havijulikani. Hema likabaki nyumbani. Dumu la mafuta likabaki. Walipanga upya kila kitu juu ya meza ileile, na safari hii mke alipiga meza kila mume alipofungua mdomo, amtajie anayekunywa ni nani.

Jumamosi wakatoka kujaribu. Wifi alisimama mlangoni mwa saluni, wateja wake nyuma yake na vichwa nusu vimesukwa. Muuza mkaa aliacha mizani. Mama Kesho akatokea na suruali yake, koti la kiuno lenye doa la buluu mgongoni, kofia ngumu kichwani, akapanda nyuma kwa shida na kwa heshima zake zote.

"Wifi, shika vizuri!" wifi akapaza sauti. "Na gauni langu la pili lini?"

"Kesho!"

Mume akawasha. Chombo kizima kikatetemeka, na mtetemeko ukampanda Mama Kesho miguuni, magotini, tumboni. Mikono yake ilimzunguka mume kiunoni ikakutana mbele. Hofu ilikuwa palepale, haijazeeka hata kidogo, na ile furaha nayo ilikuwa palepale. Akainama, akaweka mdomo karibu na kofia ya mumewe.

"Nikianza kupiga kelele," akamwambia, "usisimame."

Hawakufika hata kwenye kona akaanza. Sauti ilitoka nzima, ya msichana, ikapita saluni, ikapita karakana, watu wakatoka nje kama walivyotoka siku ile. Mume naye, mtu yule wa maneno machache, akaongeza mafuta, akapiga kelele pamoja naye.