Gia Iliyopigwa Mara Mbili

Sipendi mteja anayekuja na jibu lake mfukoni. Kama umeshajua ugonjwa wa pikipiki yako, ifungue mwenyewe, vifaa nitakuazima. Kwa hiyo kijana yule aliponiambia, hata injini hajaizima, kwamba gia zake zimekufa, nilimwonyesha benchi nikamwambia akae huko na maiti wake.

"Muzee, walishaifungua mara mbili," akasema. "Kule Nyakabiga, halafu Ngagara. Wote wanasema ndani iko muzuri. Lakini we ukisikia vile inapiga kelele..."

"Nimesikia. Buyenzi muzima wamesikia."

Nilikuwa nimemsikia kabla hajafika. Nilikuwa nimeinamia kabureta ya mtu pale gerejini kwangu, hapa Buyenzi, Bujumbura, nikasikia pikipiki ikikata kona ya msikiti na kupandishwa gia: tak, halafu kaa! Tak ndogo kwanza, kisha ile kubwa. Moyo ukaniruka. Nikajiambia, Hamimu, acha ujinga, masikio yako yamezeeka. Nikaendelea na kabureta.

Acha niseme mapema kwa nini moyo uliniruka. Mwanangu Anouar alitoka hapa asubuhi moja mwaka 1997, wakati wa vita, kwa pikipiki yangu ya kijani, kupeleka cheni ya mteja kule mtaa wa Kinama, na hakurudi. Maiti hatukuipata, habari hatukuzipata. Yuko aliyesema amemwona Uvira, yuko aliyesema amemwona juu ya lori, na wote walikuwa waongo. Sasa ni 2005, watu wanajiandaa kupiga kura, wapiganaji waliokuwa msituni wanarudi mjini, na mke wangu Khadidja bado hajakubali tumsomee mtoto hitma. Shehe amekuja kumbembeleza mpaka amechoka. "Atarudi anikute nimeshamuzika?" ndilo jibu lake. Pikipiki yoyote ikipunguza mwendo karibu na geti, yeye hutoka jikoni kuchungulia, na gereji yetu iko uani pale pale, kwa hiyo hesabu mwenyewe anatoka mara ngapi.

Siku ile pia alitoka. Kwa kawaida huangalia, akarudi. Safari hii alibaki mlangoni, mikono ina unga, akimtazama kijana kwa macho ambayo sikuyapenda.

"Ni nani?" akaniuliza.

"Mukiriya tu, analeta pikipiki yake, Mama Anouar. Rudi jikoni."

Kijana aliitwa Sylvère. Alikuwa mwembamba, mpole wa kusema, na alikuwa anabeba abiria kwa pikipiki hiyo, yeye na mama yake wakila kwayo. Nikaanza kazi, nikinung'unika, maana kunung'unika ndiyo nusu ya ufundi wangu.

Kelele za gia hazina siri nyingi. Niliangalia cheni kwanza. Ilikuwa imelegea kiasi chake tu, si zaidi. Nikatikisa kanyagio la gia, nikakuta limekaza, halichezi hata kidogo. Nikamwaga mafuta ya injini kwenye sahani, nikayapeleka juani. Yalikuwa meusi, na ndani yake mlikuwa mnametameta unga wa chuma. Yaani gia zilikuwa zinaumizana kweli, kijana hakuwa anaota. Lakini zinaumizwa na nini?

Nikashika klachi, ambreyaji kama tunavyoiita huku. Hapo nikashangaa. Pikipiki nzima imechakaa, kiti kimepasuka, mpira wa kukanyagia umekwisha, lakini waya wa klachi uko kama umetoka dukani jana, na pale mkono wake unapojipinda vumbi limegandamana. Mtu huyu alikuwa anaugusa wakati wa kuondoka tu. Baada ya hapo, basi.

Nikatia mafuta mapya, nikapanda peke yangu, nikaenda nayo mpaka Nyakabiga na kurudi. Gia zote ziliingia kama kisu kwenye avokado. Hakuna tak, hakuna kaa.

"Pikipiki yako ni muzima," nikamwambia. "Mugonjwa ni we. Panda, mi nikae nyuma, uendeshe vile unaendeshaga kila siku."

Tukaenda. Niliinama begani kwake nikauangalia mguu wake wa kushoto. Klachi hakuigusa kabisa. Aliusikiliza mlio wa injini, akaachia mafuta kidogo, na mguu ukaenda chini ya kanyagio: ukaligusa mara moja, kidogo, bila kufanya chochote. Kisha ukalipiga. Tak, kaa! Gia ya pili. Ya tatu, vilevile. Mguso ule wa kwanza wa bure, halafu pigo.

Mguso ule niliujua.

Wakati wa embago, nchi jirani zilipotufungia biashara, waya wa klachi haukupatikana Bujumbura hata ukilia. Ule wa pikipiki yangu ya kijani ulikatika, na Anouar akajifunza kupandisha gia bila klachi, kwa sikio tu. Tena kanyagio la pikipiki ile lilikuwa limelika meno, linacheza. Ilibidi uliguse kwanza ili likaze, ndipo ulipige likubali. Ni pikipiki moja tu duniani iliyohitaji mguso ule wa kwanza, na mtu mmoja tu aliyeizoea hivyo. Ya Sylvère kanyagio lake lilikuwa limekaza. Mguu wake ulikuwa unaondoa ulegevu usiokuwepo.

"Simama," nikamwambia.

Akasimama kando ya wauza makaa. Nikashuka.

"Nani alikufundisha kuendesha?"

"Kule," akasema, akaelekeza kidevu milimani. Mjini kwetu mtu akisema kule kwa kidevu, ni msituni kwa wapiganaji, na huulizi zaidi. Mimi niliuliza.

"Kule nani?"

"Tulimuita Mécano. Majina ya kweli hatukupeana, muzee. Walimukamata kwa barabara, walitaka mutu wa kutengeneza mashini. Bunduki hakushika. Yeye ni ufunguo tu, spana, kila siku na ufunguo."

"Alikuwa anaswali?"

"Njo, aliswali. Yeye peke yake."

"Pikipiki yake ilikuwa rangi gani?"

"Ya kijani. Kiti ilishonwa na gunia."

Kiti kile nilikishona mimi, kwa sindano ya magodoro, na nilijichoma kidole mpaka Anouar akacheka. Nilimwangalia yule kijana nikashindwa kuuliza neno lililobaki. Yeye ndiye aliyeniuliza.

"Muzee, we ni nani yake?"

Kusema baba yake sikuweza. Nikasema, "Pikipiki ilikuwa yangu."

Akaelewa. Akavua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili, na kwa kofia ile nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Ni homa, papa. Wakati wa mvua. Amani ilikuwa karibu, tulikuwa tunasikia kwa radio. Dawa hatukukuwa nayo."

Innalillahi. Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, nilitaka kumpiga kwa sababu yeye amerudi na ana mama wa kumlisha. Na papo hapo nilitaka kuushika mguu wake ule wa kushoto kwa mikono yangu miwili, maana mwanangu aliufundisha. Sikufanya hata moja. Nilisimama kati ya magunia ya makaa nikilia kama mtoto, na wauzaji wakageuza nyuso zao kwa heshima.

Tulirudi tukiisukuma pikipiki, injini imezimwa. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Nilifikiri, Khadidja asiisikie tena mpaka nipate maneno ya kumwambia.

Kazi bure. Alikuwa amesimama nje ya geti, amenawa mikono, amejifunga mtandio. Mimi hakunitazama. Alimwendea Sylvère moja kwa moja.

"Mi nilisikia ile sauti," akamwambia. "Ile ni ya mutoto yangu. Yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Akaniinulia mkono ninyamaze. Alitaka kuambiwa na yule aliyekuwepo, na Sylvère akamwambia yote, palepale getini, taratibu, kofia bado mikononi. Alipomaliza, Khadidja akamuuliza.

"Mulimuosha?"

Kijana hakuelewa, akanitazama. Nikamweleza kwamba kwetu maiti huoshwa kabla ya kuzikwa.

"Maji hakukukuwa, mama," akasema. "Lakini mwenyewe alituambia mbele ya kufa. Alisema kama maji hakuna, udongo safi inatosha. Alituonyesha vile ya kufanya, kwa uso na kwa mikono. Tulifanya. Na akatuonyesha upande wa kumulaza."

"Upande gani?"

Sylvère akatafuta jua lilipo, akawaza, kisha akanyoosha mkono. Aliunyoosha upande uleule ambao Khadidja hutandika mswala wake kila siku.

"Ni huko," akasema Khadidja. "Ni huko kweli."

Nilingoja alie. Hakulia. Aliuliza kama alikuwa anakula. Aliuliza kama alikuwa na kitu cha kujifunika wakati wa baridi. Kisha akaiangalia pikipiki.

"Na hii iko na ubovu gani?"

"Hakuna ubovu," nikamjibu. "Ni mguu. Anapiga vitesi, gia zote, vile Anouar alimufundisha."

"Akiendelea hivyo?"

"Itavunjika ndani. Mafuta ilishakuwa na chuma."

"Basi mufundishe."

"Kesho, Mama Anouar. Leo si siku ya..."

"Leo. Mi ninatoka kuchungulia kila siku, Baba Anouar. Kila siku. Hii sauti ikibaki mu mujini, nitakaa chini lini?"

Mimi sikutaka, na sioni haya kulisema. Mguu ule ndio uliobaki wa mwanangu duniani. Nilikuwa tayari kumbadilishia kijana yule gia zote kila mwaka, bure, mradi aendelee kuzivunja hivyohivyo. Lakini sijawahi kumkatalia Khadidja jambo alilolisema kwa sauti ile, na pikipiki ilikuwa ndiyo unga wa mama yake Sylvère.

Basi tukaanza, pale kichochoroni mbele ya geti, jua likishuka. "Vuta ambreyaji mpaka mwisho. Mguu mara moja. Moja!" Akaondoka. Tak, kaa! "We kichwa yako ni ya nini? Nimesema moja!" Akarudi, akaomba msamaha, akaanza tena. Tak, kaa! Nilimfokea kama nilivyomfokea Anouar, matusi yaleyale, na yeye akavumilia kwa sababu alijua simfokei yeye. Mguu ulikuwa unatangulia wenyewe. Alikuwa akiuzuia, na unamponyoka. Kila ulipomponyoka nilifurahi ndani kwa ndani, na mdomo wangu ukaendelea kutukana. Khadidja alisimama getini bila kusogea, mkono mmoja kwenye bati.

Akaenda mpaka kona ya msikiti, akageuka, akaja. Nilimwona anavuta klachi. Nilimwona anapandisha gia ya pili, kisha ya tatu. Sikusikia kitu. Alipita mbele yetu kimya, kama mwendeshaji yeyote na pikipiki yoyote, akitazama mbele.

Nikageuka nimwambie Khadidja kwamba kijana amejua. Alikuwa ameshakaa chini, vumbini, miguu ameinyoosha, na yowe aliloliweka miaka yote ile likamtoka. Mageti yakafunguka mtaa mzima. Jirani yetu Fatouma alifika wa kwanza, akasikiliza kidogo, na hakuuliza kuna nini. Alirudi kwake kuchukua mkeka wa kukalia matanga.