Kuku wa Paka

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna panya aliyekanyaga sakafu yangu kule Mashimoni, Kibera, na habari hiyo niliitangaza mpaka kwenye foleni ya maji. Niliwaambia wanawake wenzangu kwamba usafi ni kipaji na wengine tumezaliwa nacho. Ukweli ni kwamba nilikuwa na paka. Mimi mwenyewe hata mende hawakuniheshimu.

Aliitwa Kasyoka. Kwetu Kitui jina hilo hupewa msichana, kumaanisha aliyerudi, na huyu alilipata kwa miguu yake mwenyewe. Alipokuwa mdogo nilimtupa mara tatu. Mara ya kwanza ng'ambo ya reli, mara ya pili kando ya bwawa, na ya tatu sisemi kwa sababu ilikuwa kanisani. Kila mara nilipofungua mlango asubuhi nilimkuta kizingitini akijilamba, kama mtu aliyetumwa dukani na sasa anangoja chenji. Mara ya nne nilimpa maziwa.

Kwa hiyo nilijua tabia yake. Wengine hurudi kwa mtu. Kasyoka alirudi kwenye chumba. Ndiyo maana siku nilipopewa nyumba kwenye magorofa ya Soweto East, hukohuko Kibera, nyumba yenye bafu ndani na mfereji wa kufungua kwa kidole, nilimshukuru Mungu kwa mdomo huku macho yakimtafuta paka. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya masharti. La tatu lilisema hakuna kufuga wanyama. Na chumba changu cha zamani kilikuwa kimeshachukuliwa na Kagiri, fundi viatu, ambaye alikuja kukikagua akiwa na pakiti ya sumu ya panya mfukoni. Paka wawili wa jirani walikuwa wameshakufa, si kwa kula sumu bali kwa kumla aliyeila. Kasyoka angerudi pale mara moja tu.

Ilibidi aende mbali, na akifika akae.

Seline, rafiki yangu tangu enzi za kufulia watu nguo, sasa ana duka la nafaka kule mtaa wa Kongo, Kawangware, na panya walikuwa wakimlia maharagwe kabla ya wateja. Akaja kumchukua. Mimi na Seline tumebishana miaka ishirini juu ya kila kitu, kuanzia ugali mpaka ubatizo, lakini hapo tulikubaliana bila hata kutazamana: paka hapewi bure. Ukimbeba mikono mitupu, atarudi alikotoka. Lazima abadilishwe na kuku, kuku mzima mwenye kutembea, na kuku huyo haliwi wala hauzwi. Siku atakayoingia sufuriani, paka naye anashika njia. Mama yangu alisema hivyo na mama yake Seline alisema hivyo, na hakuna kati yao aliyewahi kuona gorofa.

Tulibadilishana mlangoni kwa heshima zote, kama watu wa posa. Kasyoka aliingia kwenye gunia, lakini nilimfunika uso kwanza kwa leso yangu asiione njia. Kuku aliyeletwa na Seline, tembe mwekundu, akaingia kwenye kiondo changu.

"Nyar Kitui," Seline akaniambia, yaani binti wa Kitui kwa Kijaluo chake, "unalia?"

"Ni kitunguu."

Akatazama chumba kitupu, vyombo vimeshafungwa, akatafuta hicho kitunguu kwa macho. Hakukiona. Akaaga.

Nilikuwa nimefika gorofa ya tatu, kiondo begani, ndipo iliponijia kwamba kuku naye ni mnyama.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka kamasi. Halafu nikaacha kucheka. Nilikuwa naiona njia yote kuanzia Kongo mpaka mlangoni kwa Kagiri, na paka akiifuata pembeni pembeni, mkia juu, akienda nyumbani.

Nilimweka kuku bafuni. Nilioga kwa zamu na yeye.

Keateka, mtunzaji wa jengo letu, ni Mukhwana, mtu wa Bungoma, mpana, mwenye shada la funguo ambalo hulitikisa anapopanda ngazi, hata ukiwa gorofa ya nne unamsikia akiwa ya pili. Wakati huo nilidhani ni majivuno. Alipanda siku ile kuku alipotaga yai la kwanza na kulitangazia jengo zima.

"Shosho, ni nini hiyo inalia?"

"Ni simu. Wajukuu waliniwekea mlio huo."

Aliitazama simu yangu ndogo ya mulika mwizi mezani, imefungwa kwa raba ili betri isidondoke.

"Ni simu poa," akasema. "Inalia kama imetaga."

Akateremka na funguo zake. Tangu siku hiyo nikaanza kumpa mayai, moja moja, kwa sababu mdomo unaotafuna hauulizi. Nilimwambia nanunua mawili dukani na moja hunizidi. Alishukuru kila mara. Hakuuliza kwa nini mwanamke anayezidiwa na yai moja haachi kununua mawili.

Wiki ya tatu nilikwenda Kongo. Nilijidanganya kwamba nafuata maharagwe. Seline alikuwa akiniambia kwa simu paka amekula, paka amelala, lakini hata wauguzi husema hivyo. Sikuingia dukani. Nilisimama nyuma ya kibanda cha makaa, mtu mzima na mvi zangu, nikichungulia.

Alikuwa juu ya gunia la mahindi, amejikunja kama andazi. Alikuwa amenenepa. Seline alipita akimwambia kitu kwa Kijaluo, maneno marefu, na Kasyoka akamjibu. Akamjibu! Miaka kumi na mmoja nilimsemesha Kikamba akanitazama kama serikali, na ndani ya wiki tatu ameshajua Kijaluo. Mimi miaka arobaini Nairobi sijapita salamu ya asubuhi.

Ningemwita. Jina lake lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini niliwaza, akija kwangu hapa, je, hatakumbuka kile chumba? Nikalimeza. Nikarudi kwa miguu, bila maharagwe, nikampa kuku mchele wangu wa jioni na kumwambia ajitunze.

Jumapili iliyofuata Seline alipiga simu. Madaktari wa mifugo walikuwa wamekuja Kawangware kuchanja mbwa na paka dhidi ya kichaa, naye akampeleka Kasyoka ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Walimpa kadi. Walipouliza mwenye paka ni nani, alisema ni mimi, Nduku wa Kibera. Yeye ni mlezi tu. Nikamwambia kadi haina maana, paka hasomi. Nikakata simu haraka, maana kile kitunguu kilikuwa kimenifuata mpaka Soweto East.

Ndipo mpangaji wa gorofa ya tatu akalalamika ofisini kwamba anaamshwa na jogoo. Kunitukania tembe wangu kwamba ni jogoo, hilo sijasamehe hadi leo. Ofisi ikasema Ijumaa itakagua kila nyumba, na atakayekutwa na mnyama, mnyama anatoka siku hiyohiyo.

Alhamisi mchana nilizisikia funguo tangu chini. Zilipanda polepole kuliko siku zote, zikasimama kila ngazi. Nilipata muda wa kumtia kuku ndani ya karai, kulifunika kwa blanketi, kufunga bafu, na kuokota alichokuwa ameacha. Mukhwana alipobisha, nilikuwa nimesimama mlangoni, aproni imenyooka, nimejaa utakatifu.

"Shosho, leo nitauliza mara moja tu. Uko na kuku?"

"Sina."

Bafuni kimya. Nilimbariki yule kuku moyoni. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni nikampa Mukhwana yai lake.

"Chukua. Nimetoka dukani sasa hivi."

Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema kesho watu wa ofisi wanaanza saa nne, wataanzia juu. Akasema chumba cha pampu huwa hawafungui, na ufunguo anao yeye. Nikamuuliza chumba cha pampu kinanihusu nini, mtu asiye na hata unyoya.

Alikuwa ameliweka yai kwenye shavu lake, macho amefumba kidogo, kama mtu aliyesikia sauti ya kwao.

"Hili duka lako, Shosho," akasema. "Yai lake bado lina joto."