Mama Tae-sik na Makachero Wenye Kikohozi

Kaka yangu Tae-sik alikamatwa hapa Seoul mwaka 1986, theluji ilipokuwa inaanza kuyeyuka. Kosa lake lilikuwa kuwafundisha wasichana wa kiwanda cha nguo kusoma sheria za kazi. Najua, maana mimi mwenyewe nilikuwa nashona kola katika kiwanda hicho. Serikali ikasema yeye ni jasusi.

Kwa wiki nyingi hatukujua aliko. Mama alizunguka vituo vya polisi na kila kituo kilikana kuwa naye.

"Labda kakimbilia kwa mchumba, mama," askari mmoja alimtania.

"Kumbe nina mkwe! Basi niitie nimwone." Akaketi mlangoni mwa kituo, akafungua kifurushi chake, akaanza kumenya vitunguu saumu. Alimenya mpaka jioni. Kesho yake akarudi na vingine.

Kaka alipokuja kupatikana gerezani, alikuwa ameshatia sahihi maungamo. Wakili wetu, mzee Gook, mtu wa suti moja na subira nyingi, alitueleza kwamba kwenye maungamo hayo Tae-sik anakiri kupeleka siri Korea Kaskazini.

"Siri gani?" Mama akauliza. "Huyo hata zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa alishindwa kuificha."

Tulipomtembelea, Mama aliona anachechemea. Kaka akasema alianguka kwenye ngazi. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama hakufanya mzaha hata mmoja, nami nikaogopa.

Kesi ilipoanza tulikuta ukumbi umejaa vijana wenye nywele fupi, mabega mapana na viatu vya aina moja, wamekaa kama wako kwenye gwaride: makachero watupu. Askari wa mlangoni akasema kesi iko wazi kwa kila mtu, bahati mbaya viti vimekwisha. Kila familia iliruhusiwa watu wawili tu, tena wasimame nyuma. Washtakiwa walikuwa watatu. Akina mama wengine, ambao watoto wao walikuwa ndani kwa kesi kama hizo, walibaki kwenye korido pamoja na waandishi wawili wa magazeti.

Tae-sik alisimama. "Mheshimiwa jaji, katika chumba cha mahojiano wali—"

Ukumbi mzima ukakohoa.

"Sijasikia," akasema karani, kalamu hewani.

"Nasema wali—"

Wakakohoa tena, wote kwa pamoja, kama kwaya. Jaji akatazama saa yake, akasema tuendelee na jambo lingine. Karani hakuandika neno.

Jioni ile Mama aliwaita akina mama wote kwetu. Mama Gwi-ok, ambaye binti yake alishtakiwa pamoja na kaka, alikuwa analia. "Wamekaa kwenye viti vyetu! Tutawatoaje wanaume wote wale? Tuwapige viatu?"

"Viatu watatunyang'anya," Mama akasema. Kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo marehemu baba alikuwa akiliona anatafuta kofia yake na kuondoka. "Mama Gwi-ok, ile cheonggukjang yako bado inanuka kama zamani?"

"Mwenzangu! Hata mume wangu huilia uani."

Kwa asiyeijua, ni maharage ya soya yaliyochemshwa, yakafunikwa blanketi sehemu yenye joto mpaka yakachacha na kuvuta nyuzi. Ukiipika supu ni tamu ajabu. Kabla ya kuipika, inanuka kama soksi za kikosi kizima kilichotoka vitani. Nyumba yetu ililala na vyungu vya soya chini ya mablanketi, na jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Siku kesi ilipoendelea kulikuwa na joto la kiangazi, na madirisha ya ukumbi yalifungwa ili nyimbo za wanafunzi waliokuwa wakiandamana nje zisisikike. Askari wa mlangoni alikuwa anatafuta mabango. Akapenyeza pua kwenye kikapu cha Mama na kuirudisha haraka.

"Nini hiki, bibi?"

"Chakula cha mwanangu. Amekonda. Nikufungulie uonje?"

"Pita! Pita tu!"

Tukasimama nyuma ya viti. Mwendesha mashtaka alipoanza kusoma, akina mama watatu wa washtakiwa wakafunua vyungu vyao taratibu. Kwanza shingo moja iligeuka. Kisha leso zikatoka mifukoni. Kijana mmoja akainuka akashika njia ya chooni, mwenzake akamfuata, kisha safu nzima. Kila kiti kilipoachwa wazi, Mama aliashiria kwa kidevu, na mama mmoja akaingia kutoka kwenye korido akakaa, akatengeneza sketi yake na kumwinamishia jaji kichwa kwa adabu. Waandishi nao wakapata viti vizuri, mstari wa pili.

"Ni harufu gani hii?" jaji akauliza kupitia leso.

Mama akainama. "Mheshimiwa, tusamehe. Ni cheonggukjang. Bila shaka hata mama yako mzazi alikukuza nayo."

Jaji akashusha leso kidogo, akanusa. Nadhani alikuwa amekuzwa nayo kweli.

"Watolewe!" akasema mwendesha mashtaka.

Mzee Gook akainuka polepole. "Mheshimiwa, nimetafuta kifungu kinachokataza harufu, sijakiona. Kinachotaka kesi isikilizwe hadharani ninacho hapa."

Jaji aliwatazama wale waandishi, akatazama viti vilivyojaa wanawake, kisha akamwambia karani afungue dirisha na mshtakiwa aendelee.

Kachero mmoja tu alikuwa amebaki, maskini, amebanwa na mafua hasikii harufu yoyote. Tae-sik alipoanza kusema, akakohoa peke yake. Wanawake wote wakageuka. Mama Gwi-ok akampa pipi ya tangawizi. Akaipokea kwa mikono miwili, masikio yamemwiva, na hakukohoa tena.

"Walinizamisha kichwa kwenye beseni la kuogea," Tae-sik akasema. "Nikisema sijui, wananirudisha majini. Hawakuniacha nilale. Walinipiga nyayo mpaka nikashindwa kusimama. Mwishoni niliwauliza wanataka niandike nini. Wakanisomea, nikaandika. Sahihi ni yangu. Maneno si yangu."

Kalamu ya karani ilikuwa inakwaruza karatasi. Tulikuwa tumepigania kuisikia sauti ile, na sasa ilibidi tuisikie. Mkono wa Mama ulinishika mkono wangu ukabana mpaka vidole vikafa ganzi. Ucheshi wake wote ulikuwa umemtoka, kabaki mwanamke mfupi anayetazama miguu ya mwanawe.

"Ngazi," akanong'ona. "Aliniambia ngazi."

Jaji yule alimfunga hata hivyo. Lakini maneno ya kaka yalikuwa yameshaandikwa, na gazeti moja likathubutu kuyatoa, mistari michache chini ya matokeo ya besiboli. Mzee Gook aliyabeba hadi kwenye rufaa, na huko majaji wakakataa kuyapokea maungamo. Bila maungamo hapakuwa na kesi. Waliomtesa hawakuguswa hata mmoja, na jambo hilo Mama hakulisamehe mpaka anaingia kaburini.

Kaka alitoka majani yakipukutika. Asubuhi ya kwanza aliamka amechelewa, akakuta wali wake umefunikwa mezani na nyumba iko kimya.

"Mama yuko wapi?"

"Kaenda mahakamani," nikamwambia.

"Mahakamani? Kuna kesi ya nani?"

"Sijui. Na yeye hajui bado. Amesema akifika atauliza."