Kibao cha Mlangoni

Cherehani ilikuwa imekwisha kufungwa kamba, tayari kushushwa ngazi, mthamini wa halmashauri alipopiga hodi.

Mama Pindo, fundi nguo wa ghorofa ya tatu, alimfungulia shingo upande. Halmashauri ilikuwa imeamua kwamba fleti yake, vyumba viwili vya kugeukia kwa taabu, ilipiwe kodi ya majengo sawasawa na nyumba za wenye mageti na bustani. Kwa kushona pindo za suruali za watu, angeilipaje? Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikwisha kumwandalia chumba cha uani. Mtu mwema, hana baya, ila mtu wa kuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi. Mama Pindo hakutaka kuzeekea kwenye maswali. Alikuwa amekata rufaa, huku moyo umekwisha kukata tamaa.

Mthamini, kijana mpole aliyevaa soksi zisizofanana, akatoa futikamba. "Mama, naomba unionyeshe ua wako niupime."

Ua gani tena jamani? Mama Pindo akamshusha hadi nyuma ya jengo, penye kiwanja kimoja cha kuanikia nguo, ambacho wakazi wote walikitumia kwa zamu. "Leo ni zamu ya mwalimu wa ghorofa ya pili," akasema. "Yangu kesho."

Mthamini akatazama mashuka ya mwalimu, akatazama karatasi zake, akacheka hadi akajishika kiuno. Kumbe aliyeorodhesha mtaa alihesabu vibao vya namba vya milangoni: kila kibao nyumba, na kila nyumba na ua wake. Kodi ya ua ule mmoja ilikuwa imetozwa kila mlango.

Mama Pindo hakucheka. Vibao vile vilianzia kwake. Siku alipoinunua fleti aliagiza kibao kama vya nyumba zile za mageti, akakikaza kwa mkono wake, na majirani wakaiga wasipitwe.

"Nimerekebisha," mthamini akasema, akitia sahihi. "Kila mmoja atalipia sehemu yake tu. Lakini hivyo vibao, mama, vinatuchanganya."

Mthamini alipoondoka, Mama Pindo alishusha pumzi, machozi yakamtoka bila haya. Alimpigia shemeji, akamshukuru sana, akamwambia chumba akipangishe. Akaifungua cherehani kamba. Kisha akachukua bisibisi, akaenda mlangoni.

Skrubu ya kwanza ililegea upesi. Akaitazama namba yake kitambo. Akaikaza skrubu tena, akapangusa kibao kwa upindo wa gauni, akaingia ndani kwake.