Begi Moja hadi Makete

Furaha alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Makete, alikopangiwa kazi ya ualimu, baba yake aliamua mambo mawili papo hapo: yeye na mkewe watakwenda kumwona mjukuu, na watakwenda na begi moja.

Mzee Shaabani alikuwa fundi wa mashua pale Jibondo, kisiwa kidogo cha pwani. Bara alikuwa amefika Dar es Salaam tu, mara moja, na vijana wa stendi walimcheka kwa kapu lake la ukindu, ndoo yake ya samaki na mkeka aliouchukua begani. Hakuisahau siku ile. Safari hii alitaka apite kama mtu anayejua njia.

"Anayebeba nyumba yake ni konokono," alimwambia mkewe, Bimkubwa. "Sisi ni watu."

Begi lenyewe lilikuwa la mgongoni, lenye picha ya kasa, alilopewa kwenye semina ya hifadhi ya bahari. Alitia kanzu mbili, kikoi, mswaki na chupa ya mafuta ya nazi. Bimkubwa akaachiwa kijifuko cha nje.

"Humu kanga moja haitoshi," alisema Bimkubwa.

"Nyingine si utakuwa umezivaa?"

Nesi wa zahanati, Clotilda, alikuwa mzaliwa wa Makete. Aliposikia habari ya safari alikuja na koti lake, zito, jeusi, lenye kola ya manyoya. Tangu ahamie kisiwani hakuwahi kulivaa hata siku moja.

"Mwezi huu kule kwetu, mama, maji ya ndooni hushika ganda la barafu asubuhi. Chukueni hili."

Shaabani akalipima uzito kwa mkono mmoja. "Koti hili linataka tiketi yake. Nesi, sisi tunapigwa na upepo wa kusi kila mwaka. Baridi tunaijua."

"Baridi ya hapa, mzee, kwetu ndiyo hali ya hewa ya kuanikia mahindi."

Shaabani alicheka na kurudi kwenye ubao wake. Bimkubwa hakubishana. Katika ndoa yao mume ndiye aliyekata shauri, na mke ndiye aliyetafuta upenyo. Aliambiwa begi moja. Hakuna aliyetaja mwili.

Siku ya safari alishuka pwani amevaa lile koti la nesi. Chini yake kulikuwa na magauni, kanga juu ya kanga, na kiunoni, ndani ya kitambaa, pweza wakavu aliomwandalia mwanawe. Alikwenda polepole, akiyumba kama mtumbwi uliojazwa nazi.

"Mama Furaha, umevaa nini?"

"Nguo."

Jibu lilikuwa la kweli, na Shaabani akatangulia kupanda mashua.

Walivuka hadi Utende, kwenye kisiwa kikubwa. Kwenye lango la hifadhi alikuwapo askari msichana aitwaye Goodness. Aliona mwanamke wa makamo ndani ya koti la manyoya, jasho likimtiririka, harufu ya bahari ikimtangulia. Akafikiri mara moja habari ya majongoo bahari, maana watu walikuwa wakiwatorosha kwa kila njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Chini ya koti kuna nini?"

"Kuna mimi."

"Na zaidi yako?"

"Kuna pweza. Ila hao wamekauka zamani."

Goodness alimwingiza chumbani, akaanza kumvua nguo moja baada ya nyingine, kama anayemenya kitunguu. Nje, Shaabani alisimama na begi lake dogo, akiitazama bahari kama mtu asiyefuatana na yeyote. Mwishowe walifika kwenye pweza, soksi za mtoto, na gauni la mwisho. Jongoo hakuonekana. Goodness alikaa kitini akacheka mpaka akafuta macho.

"Unakwenda wapi namna hii?"

"Makete."

Kicheko kikakatika. "Mimi ni wa Mbeya, mama. Simama nikufunge vizuri."

Akamfunga upya, akamkazia kola mpaka kidevuni.

Kwenye boti ya kwenda Nyamisati, bara, watu walimpisha wakidhani ana maradhi. Huko ng'ambo hewa ilikuwa ya mvuke mtupu. Kesho yake, kwenye basi kutoka Dar, bonde lililo kabla ya mlima Kitonga liliwaka kama tanuri, na Shaabani alikuwa amekaa na kanzu yake nyepesi kama bwana harusi, akimfundisha jirani yake faida za kusafiri bila mizigo. Kondakta aliinama kwa Bimkubwa.

"Mama, una homa?"

"Nina mume."

Basi likapanda mlima. Walipopita Iringa upepo ulianza kupenya dirishani, na Shaabani akakatisha somo lake. Walipofika Mafinga akapandisha miguu kitini. Walipofika Makambako akavaa kanzu ya pili juu ya ile ya kwanza. Waliposhuka Njombe kungojea gari la Makete, alikuwa amejizungushia kikoi kichwani na kulivaa begi kifuani ili limkinge upepo, yule kasa akiwatazama watu. Vijana wa stendi hawakumcheka. Mmoja alisema, "Shikamoo, babu. Chai ya moto ipo pale." Huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko.

Akakumbuka mafuta. Akijipaka, labda ngozi itatulia. Aliipindua chupa, akaitikisa, akaipiga kitako. Ndani mafuta yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa.

"Mafuta yamekufa," alisema kwa sauti ndogo.

Bimkubwa alimwonea huruma, lakini alitaka aombe mwenyewe. Shaabani alitazama mawingu, kisha viatu vyake.

"Koti hilo," alisema mwishowe, "ni pana?"

"Nesi ana mwili."

Alifungua vifungo. Shaabani akaingia. Kila mmoja akapata mkono mmoja wa koti, na hivyo ndivyo walivyofika kwa binti yao.

Furaha alifungua mlango akaona koti moja lenye vichwa viwili. Mumewe, Iddi, kijana wa Pangani aliyekuwa amejifunika blanketi, alichungulia nyuma yao.

"Karibuni. Mizigo iko wapi?"

"Ndiyo hii," alisema Bimkubwa.

Shaabani alikataa kutoka ndani ya koti mpaka moto ushike. Basi mjukuu aliletwa hivyohivyo, akawekwa katikati ya babu na bibi, akafungiwa vifungo akabaki uso tu. Alipiga chafya, kisha akalala. Hakuna aliyethubutu kusogea, na chai ilinywewa kwa zamu, kila mzee akimnywesha mwenzake kwa mkono uliokuwa huru.

Kesho yake Iddi alimpeleka mkwewe kwenye mitumba. Shaabani alirudi na sweta zito la rangi ya waridi, lenye maua kwenye vifungo, akalivaa mpaka siku ya kuondoka. Kwamba lilikuwa la kike, Bimkubwa aliliona tangu mlangoni. Alimsaidia kulifunga, akamwambia limempendeza, na kwa kweli lilikuwa limempendeza.