Monita ya Zulhumor

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Ulmas alichomoa monita kwenye kompyuta ya mkewe, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaipeleka sebuleni. Runinga ilikuwa ya mama yake, Saltanat, na tamthilia zake haziguswi. Akaunganisha monita na mashine ya gemu kwa waya mmoja. Picha ikatoka safi, nyasi za uwanja kijani kibichi. Sauti haikutoka.

"Haina spika hii," akasema mdogo wake, Tohir. "Kaka, umeoa na monita bubu!"

Zulhumor alisimama mlangoni na birika. Monita hiyo alikuja nayo kutoka kwao Margilan. Ndiyo aliyosomea ukunga kabla ya kuolewa. Chuo kilimpa likizo ya mwaka mmoja, na mwisho wa kujiandikisha tena ulikuwa Jumatatu saa sita mchana. Kwa siku arubaini alikuwa akiipanga sentensi moja ya kuomba ruhusa, maana mke wa mwana hakohoi mbele ya mama mkwe, seuze kuomba. Leo alikuwa amejikaza.

Akainama, mkono kifuani, akafungua kinywa.

"Gooooli!" Kinywani mwake likatoka goli, na ngoma, na mashabiki elfu sitini.

Tohir akaitazama monita. Kweli, mpira ulikuwa wavuni.

"Kumbe sauti ipo," akasema Ulmas. "Sogea kidogo, Zulhumor, tusikie vizuri."

"Nilisema mimi, huyu mkwe ana faida," akasema Saltanat. "Ila msimchoshe, ana unga wa kukanda."

Jumapili alijaribu tena, ikatoka filimbi ya refa. Waliposimamisha mchezo wanywe chai, kinywani mwake hakikutoka kitu, hata pumzi. Akaandika kwenye karatasi. Saltanat hakuwa na miwani, akampa Ulmas. Ulmas alikuwa anapiga penalti, akaitandika chini ya sahani ya palov, wali wa nyama.

Jikoni tu, mbali na monita, ndiko sauti yake ilikomrudia, ndogo lakini kamili. Aliisema sentensi yote mbele ya masufuria, mara tatu, akalia kwa furaha. Kisha akaukimbilia mlango wa sebule, na mlangoni sauti ikageuka shangwe za mpira wa kona.

Jumatatu saa tano Ulmas alirudi kutoka sokoni na waya mpya, wa mita kumi. Alimhurumia mkewe. Kila akienda kupika mchezo ulikuwa unakosa sauti, na kila akiitwa unga ulikuwa unakauka. Akaupitisha waya chini ya zulia, akaiweka monita jikoni, juu ya pipa la mchele, na wanaume wakahamisha mito yao.

"Sasa shemeji hana haja ya kutoka hata kidogo," akasema Tohir.

Saa sita kamili Zulhumor aliinua uso kutoka kwenye unga, akamtazama mama mkwe aliyeketi kando yake, akafungua kinywa. Ulmas alikuwa amefungwa bao. Elfu sitini wakazomea.

"Leo sauti safi," akasema Saltanat, akamsogezea chumvi.